Hiyo Lancaster inayopita juu ya Lincoln, wanakumbuka nini hasa?

Nimeandikiwa na dada mmoja, nesi, anaishi Lincoln kule Uingereza na kijana wake wa miaka tisa. Anasema hivi: "Shikamoo fundi. Jumamosi tulikuwa tunatoka madukani likapita dege kubwa la zamani, propela nne, liko chini kabisa, linaunguruma mpaka kifua kinatetemeka. Mzee mmoja pembeni yangu akavua kofia, machozi yanamtoka. Kazini wakaniambia hiyo ni Lancaster, ndege ya mabomu ya Vita ya Pili. Sasa najiuliza, si ndiyo hizo zilizochoma miji ya Ujerumani na watu wake? Wanasherehekea nini? Mwanangu anataka nimpeleke akaione, nimpeleke? Na sisi Waafrika inatuhusu nini?"

Marahaba dada yangu. Umenirushia maswali manne kwa mkupuo na mimi hili jambo nalipenda kupita kiasi, kwa hiyo nivumilie, jibu litakuwa refu. Ndege nimezifungua na kuzifunga maisha yangu yote ya kazi, sasa nimestaafu, na kila kiangazi lazima niende mahali fulani kusikiliza hizo injini zake nne, za aina ya Merlin, mke wangu ameshachoka kuniuliza nafuata nini.

Nianze na dege lenyewe. Uliloliona namba yake ni PA474, linakaa Coningsby, hapo hapo mkoani kwenu, kwenye kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la anga ambacho kina Spitfire na Hurricane pia, zile ndege ndogo za kivita za wakati huo. Lilitoka kiwandani katikati ya 1945, vita ya Ulaya imeshaisha. Yaani hilo dege unaloliona halijawahi kudondosha bomu hata moja juu ya mji wa mtu. Na unajua kazi ya kwanza lililopewa ni ipi? Kupiga picha Afrika. Liliwekwa kwenye skwadroni, yaani kikosi cha ndege, ya 82, wakaling'oa bunduki, wakaweka kamera, likaenda Afrika Mashariki na Kusini kupiga picha za ardhi kutoka juu ili Waingereza wachore ramani za makoloni yao. Skwadroni hiyo ilikuwa na kambi Eastleigh, Nairobi, ndiyo hiyo Isili ya leo, uwanja wenyewe sasa ni kambi ya jeshi la anga la Kenya. Kwa hiyo ukiniuliza inatuhusu nini naweza kukujibu kwa utani kwamba babu yako huenda alishasikia mngurumo wa aina hiyo akiwa shambani kabla wewe hujazaliwa, akainua kichwa, akarudi kupalilia.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni. Lancaster zilitengenezwa 7,377. Leo zinazoruka duniani ni mbili tu, hiyo ya kwenu na nyingine iko Hamilton, Ontario, Canada, nayo ilitoka kiwandani 1945, haikuwahi vita. Ile ya East Kirkby nitakayokuambia mbele, hivyo hivyo, 1945. Zilizopigana kweli kweli nyingi zilianguka, na zilizobaki zikakatwa vyuma chakavu. Ukitaka kuiona iliyofanya kazi nenda Hendon, London, kwenye makumbusho ya jeshi la anga, kuna R5868, imekwenda vitani mara 137, imesimama tu ndani ya jengo, haitoi hata moshi. Kwa hiyo yule mzee aliyevua kofia hakuwa analilia bati, na wala bati hilo halina damu ya mtu. Ni kama kiti cha marehemu kinachoachwa pale barazani, kiti ni mbao tu, ila kila mtu anajua nani alikuwa anakikalia.

Sasa waliokuwa wanakikalia ni nani. Bomber Command, yaani kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, ilipitisha warukaji kama 125,000 vita nzima. Waliokufa ni 55,573. Piga hesabu, katika kila vijana 100, 44 wamekufa, na karibu 10,000 wengine waliishia kuwa mateka. Wote walijitolea, hakuna aliyelazimishwa kupanda ndege. Wastani wa umri ni miaka 22 hivi, yaani hao vijana wenu wa mafunzo hapo wodini, umri huo huo. Walikuwa Waingereza, Wakanada, Waaustralia, watu wa New Zealand, Wapoland, watu wa visiwa vya Karibiani. Ili umalize zamu ilibidi uende mara 30 halafu ndiyo upumzishwe, na kuna vipindi ambavyo wakikaa kwenye mayai na bekoni kabla ya kuondoka kila mtu mezani anajua kwamba hesabu ya 30 haifikiki.

Usiku mmoja tu, tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944, walitumwa Nuremberg, mwezi unawaka, mawingu hayakuwepo ya kuwaficha. Ndege zaidi ya 90 hazikurudi, vijana zaidi ya 500 wamekufa usiku mmoja. Mmoja wao ni Christopher Panton, kijana wa hapo hapo Lincolnshire, injinia wa ndege. Wadogo zake Fred na Harold walibaki kuwa wakulima, wafugaji wa kuku, na hilo jambo halikuwatoka moyoni. 1983 wakanunua Lancaster nzima, NX611, ilikuwa imewekwa getini kwenye kambi ya Scampton kama sanamu, wakaihamishia kwenye uwanja wa zamani wa vita pale East Kirkby ambao sehemu yake walishaununua. Wakaanza kuifufua injini moja moja. Wafugaji wa kuku, dada! Mimi kama fundi nakwambia kuwasha Merlin moja iliyolala miaka si mchezo, wao wamewasha zote nne. Ndege hiyo wanaiita Just Jane, hairuki bado, wanaendelea kuikarabati, ila inawashwa na inatembea chini kwenye nyasi na abiria ndani. Imefufuliwa kwa ajili ya kaka mmoja. Ndiyo maana kati ya zote mimi naipenda hiyo.

Halafu nikwambie kitu ambacho wenzangu wa mambo ya ndege wananinunia nikikisema. Ndege ikipita juu inakudanganya kidogo. Ikiwa angani unaona ukubwa, bawa mita 31, injini nne, nguvu, unasema aisee. Unatoka hapo unaikumbuka ndege, vijana umewasahau. Ukitaka vijana panda ndani.

Mara ya kwanza naingia nilidhani nitatembea kama kwenye daladala, ukiinama kidogo unapita. Wapi! Mlango uko nyuma karibu na mkia, unapanda kingazi, unageuka kwenda mbele, bati limekubana huku na huku, na katikati ya njia kuna mhimili mkuu wa mabawa umekatiza kama mtambaapanya, ila uko usawa wa kiuno na lazima uupande kwa goti na mkono halafu ushuke upande wa pili. Mimi nilikuwa na shati tu na mchana kweupe, ndege imesimama, na bado nilikwaruza goti. Wao walikuwa na makoti ya ngozi, mabuti, mikanda ya parachuti, giza, ndege inazunguka kama jani, na pengine inawaka. Mbele kabisa sakafuni, pale mlenga mabomu analala kifudifudi, ndipo kilipo kidirisha cha kutokea, kidogo mno, jaribu kumpitisha mtu mzima na parachuti kifuani uone. Ndiyo sababu Lancaster ikipigwa waliotoka hai walikuwa wachache.

Walikuwa saba, pamoja na huyo mlenga mabomu. Rubani mmoja tu, hana msaidizi, akipigwa risasi yeye basi injinia ajaribu. Injinia mwenyewe kiti chake ni cha kukunja, kama kile cha konda. Nyuma yao navigeta, yule wa kuonyesha njia, kwenye meza yake na ramani, amefungiwa pazia ili taa yake isionekane nje, huyo anaweza kwenda Berlin na kurudi asiione Berlin. Mtu wa redio alikaa karibu na bomba la hewa ya moto, yeye anatoka jasho huku navigeta hatua moja tu kutoka hapo vidole vimekufa ganzi, waligombana sana kuhusu hilo bomba. Mpiga bunduki wa mgongoni. Na yule wa mkiani.

Wa mkiani ndiye ninayemfikiria kila nikiisikia hiyo ndege. Anakaa peke yake ndani ya tureti, kibanda cha vioo kinachozunguka, amepishana na wenzake kwa urefu wa ndege nzima, kwa muda wa saa saba au nane mfululizo, baridi inafika nyuzi 40 chini ya sifuri, suti yake ina nyaya za umeme za kumpasha joto na zikikatika ndiyo basi tena. Wengine waliukata kabisa ule uwazi wa mbele ya macho yao wakatoa kioo, kwa sababu kidoa kimoja cha uchafu usiku kinafanana na ndege ya adui. Na parachuti haikutosha humo ndani. Ilitundikwa nje ya tureti, ndani ya mwili wa ndege, kwa hiyo ndege ikiwaka lazima aizungushe tureti inyooke, afungue vimilango vya nyuma, anyooshe mkono kwenye moshi aipate, aivae, azungushe tena tureti pembeni, ndiyo ajitupe nyuma mgongo. Kama mafuta ya kuzungushia tureti yamekatika, amefungiwa.

Hicho ndicho kilichompata Pat Brophy, Mkanada, usiku wa 12 kuamkia 13 Juni 1944 juu ya Cambrai, Ufaransa. Tureti imekwama, moto uko kati yake na wenzake, rubani ametoa amri waruke. Mwenzake wa mgongoni, Andrew Mynarski, alishafika mlangoni aruke, akageuka akamwona Brophy kwenye vioo. Akatambaa kwenye moto kwa magoti, akashika shoka, akapiga, akavuta kwa mikono, nguo zinawaka. Brophy akamwashiria nenda, nenda. Mynarski akarudi kinyumenyume, bado anamwangalia, alipofika mlangoni akasimama wima nguo zinaungua, akampigia saluti, akaruka. Alifika chini na parachuti imeungua, akafa kwa majeraha ya moto. Ndege ikaanguka na Brophy ndani, tureti ikang'oka, akatoka mzima. Ndiye aliyesimulia, kwa sababu hakukuwa na shahidi mwingine, na Mynarski akapewa Victoria Cross, nishani yao kubwa kuliko zote ya ushujaa, 1946. Ile Lancaster ya Canada inaruka na herufi za ndege yao, VR-A. Agosti 2014 ilivuka bahari ikaja Uingereza ikaruka sambamba na hiyo yenu, watu walijaa barabarani mpaka magari yakasimama.

Na hapo ndipo penye ujanja wa haya maonyesho, yaani namna yanavyofanya kazi. Ndege ni moja ila kila baada ya miaka kadhaa inapakwa rangi upya na kupewa alama za ndege nyingine iliyokuwepo kweli. PA474 imeshavaa mavazi ya Phantom of the Ruhr, imevaa ya Thumper ya skwadroni ya 617, na 2017 upande mmoja ikavaa ya "Leader" ya skwadroni ya 460 ya Waaustralia, skwadroni iliyozika zaidi ya watu 1,000. Kila rangi mpya inafufua watu saba wengine, familia zao zinatafutwa, picha zinatolewa kabatini. Halafu kipindi cha baridi chote ndege inafunguliwa, mafundi wanakagua kila ribiti, na saa za kuruka kwa mwaka zinabanwa ili mhimili usichoke. Huo mhimili walishaubadilisha katikati ya miaka ya 1990, kazi ya kukosesha usingizi. Ukiona dakika mbili angani ujue nyuma yake kuna miezi ya watu wenye oili kwenye kucha, na huo nao mimi nauita ukumbusho, tena huenda ndio mkubwa kuliko ule wa kuruka. Ila najua navutia upande wangu.

Sasa lile swali lako gumu. Ndiyo, ndizo hizo. Hamburg Julai 1943, watu kama 37,000 hivi walikufa kwenye kimbunga cha moto. Dresden Februari 1945, kama 25,000. Hata ule uvamizi wa kulipua mabwawa ya maji ya Ujerumani wa Mei 1943 ambao Waingereza wanausimulia kama hadithi ya ushujaa, ndege 19 zilikwenda 8 hazikurudi, mafuriko yake yaliua zaidi ya watu 1,000 na wengi wao walikuwa wafungwa na watu walioletwa kwa nguvu kutoka nchi nyingine kufanya kazi, wengine wanawake. Siwezi kukwambia hayo ni madogo na sipendi mtu anayeyapitia haraka ili afike kwenye makofi. Waingereza wenyewe yaliwakwama kooni. Hao vijana hawakupewa hata medali yao ya kampeni, walikuja kupewa kijipini cha kubandika kwenye utepe 2013, wengi wameshazikwa. Mnara wao London, Green Park, ulizinduliwa na Malkia tarehe 28 Juni 2012, miaka 67 baada ya vita! Siku hiyo PA474 ilipita ikafungua milango ya mabomu na ikamwaga maua mekundu ya popi 800,000, ndiyo maua yao ya kukumbuka waliokufa vitani. Paa la mnara huo lina bati la Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya wakati huo, iliyochimbuliwa Ubelgiji na maiti za warukaji wake watatu ndani. Na ukisoma ukutani utakuta umetajwa ukumbusho wa watu wa mataifa yote waliokufa kwa mabomu, siyo wao tu. Hapo kwenu kituo cha kumbukumbu cha mlimani, chenye ule mnara wa chuma urefu sawa na bawa la Lancaster, kina majina karibu 58,000 kwenye kuta, na ndani kimeweka pia sauti za waliokuwa chini wakipigwa. Wanasherehekea? Kuna wanaosherehekea, bendera na bia, sikatai, nimewaona. Yule mzee wako si mmoja wao.

Inatuhusu nini sisi? Nimekutania na Isili, sasa nikwambie la kweli. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa navigeta, akadunguliwa Novemba 1943, akakaa kambi ya mateka Ujerumani mpaka vita inaisha, baadaye akawa mwanasheria mkuu wa serikali kwao. Na Ulric Cross, wa Trinidad, navigeta wa Mosquito, ile ndege ya mbao ya watu wawili, alikwenda vitani mara 80. Mara 80, dada, na zamu ni 30, alikuwa anaombwa apumzike anakataa. Huyo akasomea sheria, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akawa jaji wa Mahakama Kuu Tanzania mpaka 1971. Yaani kuna watu Dar es Salaam walisimama kizimbani mbele ya yule mzee mpole mwenye masharubu wakilia kuhusu mpaka wa shamba, na hakuna aliyejua kwamba huyo jaji aliwahi kupita usiku juu ya Berlin akiwa amekunja ramani mapajani. Hayo hatukufundishwa shule, huku tunajua askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliokwenda Burma na basi.

Kuna la hatari pia usije ukaniambia sikukwambia. Mei 2015 PA474 iliwaka injini moja angani ikatua salama, ikakaa chini karibu msimu mzima. Marekani B-17, ndege yao ya mabomu ya vita hiyo hiyo, ilianguka Connecticut Oktoba 2019 wakafa watu saba, na Novemba 2022 nyingine iligongana na ndege ndogo kwenye maonyesho Dallas, wakafa sita. Mimi naona hizi ndege zitafika mahali zisimame, na zikisimama sitalia, mradi zibaki na injini zinazowaka na mlango ulio wazi. Wenzangu wengi hawakubaliani nami hapo. Wanasema ndege isiyoruka ni maiti.

Mpeleke mtoto. Anza na kanisa kuu lenu pale juu, bure kabisa kuliangalia kwa nje, maana lilikuwa alama yao wakirudi alfajiri, wakiona minara yake ndiyo wanajua wamefika, na ndani kuna vitabu vya majina, ukurasa unageuzwa. Halafu siku nyingine East Kirkby siku ambayo Just Jane inawashwa, siku hizo zinatangazwa, na ulizia mapema masharti ya umri kwa wanaoingia ndani maana nafasi ni chache na zinajaa. Mvalishe koti hata kama ni Julai, ule uwanja una upepo. Mbebee vile vya kuziba masikio. Injini zikianza simameni pembeni usawa wa mkia, siyo mbele, utaona moshi unatoka wa buluu, halafu majani yote yanalala chini, halafu mwonyeshe kile kibanda cha vioo pale nyuma umwambie kuna mtu alikuwa anakaa humo. Na mkipewa nafasi ya kuingia, pale kwenye mhimili mwache yeye atangulie, watoto wanaupita vizuri kuliko sisi.